Historia ya familia: hakuna

Kwenye jalada lake kuna mstari mmoja ambao mpaka leo nikiukumbuka roho haitulii. Ukurasa wa pili, kati ya dawa anazotumia na swali la sigara na pombe: "Historia ya saratani katika ukoo: hakuna." Mwandiko ni wangu. Nilimuuliza, akanijibu, nikaandika, nikageuza ukurasa. Kazi ya sekunde kumi, na nyuma yake foleni ya wagonjwa sita.

Nitamwita Fundi, maana ndivyo mtaa mzima unavyomwita. Ni seremala, ana karakana ya milango na vitanda pembezoni mwa jiji la Dodoma, na kipande cha shamba la zabibu upande wa Mpunguzi. Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji. Nimebadilisha mambo machache ili asijulikane, na hospitali naiacha bila jina kwa sababu hiyohiyo.

Alipofika kwetu mwaka 2023 alikuwa na miaka 36, na shida aliyoitaja ilikuwa moja tu: kuchoka. Randa ilikuwa inamshinda. Akitoka karakana na baiskeli, anashuka mara mbili kupumua kabla hajafika nyumbani. Kwa miezi minane alikuwa ameshazunguka zahanati na maduka ya dawa, na kila alikopita hakuondoka mikono mitupu: dawa ya taifodi, dawa ya minyoo, mseto wa malaria mara moja, vidonge vya kuongeza damu, kisha dozi ya wiki mbili ya vidonda vya tumbo. Vidonge vya damu vilimpa nafuu ya wiki chache, akarudi palepale. Siku tuliyompima, wingi wa damu ulikuwa 6.4. Kwa mwanaume mtu mzima tunatarajia 13 na kuendelea.

Mwanaume hapati hedhi wala hajifungui. Damu yake ikishuka hivyo, na choo kimepimwa hakina safura, basi kuna mahali inavuja. Fundi alikuwa hajaona damu chooni hata siku moja, na hili ndilo lililowachanganya wote waliomtibu kabla yetu. Utumbo mpana una pande mbili zenye tabia tofauti. Upande wa kushoto ni mwembamba na choo kinafika pale kimeshakuwa kigumu, kwa hiyo uvimbe ukiota huko mtu anafunga choo, au anaona damu, anashtuka, anakuja. Upande wa kulia ni mpana na choo bado ni majimaji. Uvimbe unaweza kukaa huko kwa muda mrefu ukidondosha damu tone kwa tone, imechanganyika na choo mpaka jicho haliioni. Mgonjwa anachojua ni kwamba amechoka.

Tukamwongezea damu chupa mbili. Ultrasaundi ikaonyesha uvimbe chini ya tumbo, kulia. Wazo la kwanza la daktari lilikuwa kifua kikuu cha utumbo, na halikuwa wazo baya: TB hupenda kona ileile, pale utumbo mwembamba unapoingia kwenye mpana, na mgonjwa wetu alikuwa amekonda. Kolonoskopia, yaani kipimo cha kamera inayopitishwa njia ya haja kubwa, ndiyo iliyomaliza ubishi. Walikuta uvimbe kwenye mwanzo wa utumbo mpana, na vinyama viwili vidogo mbali kidogo na hapo. Kipande kilichokatwa kikasema saratani. Akafanyiwa upasuaji, ikaondolewa nusu ya kulia ya utumbo mpana, na tezi zote zilizotolewa pamoja nao zilikuwa safi. Hatua ya pili. Kwa mtu aliyechelewa miezi minane, tulishukuru.

Ningeishia hapo kama si simu ya daktari wa patholojia.

"Sista, huyu wa utumbo wa kulia, miaka 36. Hana mtu kweli kwao?"

Nikamwambia jalada linasema hakuna. Akanyamaza kidogo, kisha akanieleza alichokiona kwenye hadubini: saratani iliyojaa ute, imezungukwa na askari wengi wa kinga ya mwili, kwa kijana, upande wa kulia. "Muulize tena," akasema.

Nikavuta stuli kando ya kitanda. Karatasi sikuwa nayo; nikachukua kalenda ya mwaka uliopita iliyokuwa ukutani, nikaigeuza.

"Mama yupo?"

"Alishafariki, sista."

"Alifariki kwa ugonjwa gani?"

"Kizazi. Damu zilikuwa hazikatiki."

"Fundi, si nilikuuliza kama kuna kansa kwenye ukoo, ukasema hakuna?"

Akanitazama kama mtu anayemweleza mtoto. "Uliniuliza ukoo. Mama si wa ukoo wetu."

Alikuwa sahihi kabisa. Kwa Wagogo, kama kwa wengi wa huku katikati ya nchi, ukoo ni wa baba. Mama alitoka kwao, akatolewa mahari, akaja kuzaa watoto wa ukoo mwingine. Ukimuuliza mtu kuhusu ukoo anapanda kwa baba, babu, baba wadogo na mashangazi, na upande wa pili anauacha kwa adabu tu, si kwa kuficha. Jeni haijui mahari. Nusu yake Fundi aliipata kwa mama, na mimi nilikuwa nimeuliza juu ya nusu nyingine.

Tatizo la pili ni neno kansa lenyewe. Kwa watu wengi kansa ni ile ambayo daktari wa Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, aliitaja mbele ya ndugu. Aliyefia nyumbani hakufa kwa kansa, alikufa kwa tumbo, au kuziba choo, au kujaa maji, au bawasiri, au alitupiwa kitu. Na la tatu ni neno ndugu. "Kaka yangu naye aliumwa tumbo," anasema mtu, nawe unaandika kaka, kumbe ni mtoto wa baba mdogo. Kwa mambo ya kurithi tofauti hiyo ni kubwa, kwa hiyo siku hizi nauliza waziwazi: mama mmoja, baba mmoja?

Umri ulitutesa zaidi. Hakuna aliyejua miaka. Ila tarehe zilikuwepo, zimehifadhiwa tu mahali pengine. Mama alifariki mwaka ule treni iliposerereka kinyumenyume na kugongana na nyingine karibu na Igandu. Hiyo ni 2002. Alianza darasa la kwanza mwaka wa Azimio la Arusha, 1967, akiwa na miaka kama minane au tisa. Basi alikufa akiwa na 43 au 44. Mjomba anayemfuatia mama alifariki mwaka aliofariki Mwalimu, 1999, tumbo limeziba, hajafikisha 40. Babu mzaa mama alikufa mwaka wa kifo cha Sokoine, 1984, tumbo likiwa limejaa. Umri wake hakuna aliyeweza kuukisia zaidi ya kusema "hakuwa na mvi," nikaandika 50 na alama ya kuuliza. Na yupo mama mdogo, mdogo wa mwisho wa mama yake Fundi, hai, ana miaka 58, aliyetolewa kizazi mwaka 2011.

Nyuma ya kalenda palikuwa na duara za wanawake na miraba ya wanaume, mitano ya waliougua imetiwa wino. Nikampigia daktari wa patholojia picha yake kwa simu.

Mama mdogo alikuja mwenyewe siku ya tatu, na basi la asubuhi. Alikuwa na mfuko wa rambo wa zamani, wa kabla haijapigwa marufuku 2019, umekunjwa mara nne na kufungwa kwa uzi. Ndani mlikuwa na kadi za kliniki za watoto wake wote, risiti ya kiwanja, picha ya ubatizo, na karatasi moja iliyochakaa kwenye mikunjo: majibu ya patholojia ya mwaka 2011. Saratani ya mji wa mimba. Siyo shingo ya kizazi. Watu huzichanganya hizi mbili, na hata sisi huzichanganya tukisikia tu "kansa ya kizazi." Ya shingo ya kizazi inasababishwa na kirusi na hairithiwi kwa namna hii. Ya mji wenyewe wa mimba, kwa mwanamke wa miaka 46, kwenye familia yenye saratani ya utumbo, ni habari nyingine. Nilimwambia, "Shikamoo mama, hii karatasi umeitunza vizuri sana." Akanijibu kwamba waliiomba mara moja tu, siku ya kuchukua dawa, na tangu hapo hakuna aliyemwuliza.

Jina la ugonjwa tuliokuwa tunaunusa ni sindromu ya Lynch. Niseme mapema, kabla mtu hajaanza kuhesabu marehemu zake: katika kila wagonjwa 100 wa saratani ya utumbo mpana, wenye Lynch ni kama watatu tu. Wengi wanaougua hawakurithi jeni moja ya kulaumiwa. Mtu mwenye mzazi, kaka au dada mmoja aliyeugua, hatari yake ni kama mara mbili ya mtu wa kawaida, na sababu ni mchanganyiko wa mengi madogo. Lynch ni kitu kingine: ni jeni moja, mbovu, na inahesabika.

Dodoma ni mji wa Bunge, kwa hiyo nimezoea kueleza hivi. Bunge likikaa, kila neno linaingia kwenye Hansard, yaani kumbukumbu zake rasmi. Mchapaji hata awe hodari namna gani atakosea, ndiyo maana nyuma yake kuna anayepitia na kusahihisha. Seli ya mwili nayo, kabla haijagawanyika, hunakili maandishi yake yote, herufi bilioni 3 kutoka kwa baba na nyingine kama hizo kutoka kwa mama. Inakosea. Nyuma yake wapo wasahihishaji, na majina ya jeni zinazowatengeneza ni MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2. Kazi yao ngumu zaidi ni pale herufi zinapojirudia. Jaribu kunakili kwa mkono "hapahapahapahapahapa" ya mstari mzima bila kuhesabu. Utaongeza moja au utaruka moja. Seli iliyopoteza msahihishaji inajaa makosa ya aina hiyo, na maabara ikiyakuta kwenye uvimbe inajua nani hayupo kazini.

Kila mtu ana nakala mbili za jeni hizi. Aliyerithi nakala moja mbovu anazaliwa mzima, anasoma, anaoa, anabeba mbao, kwa sababu ile nakala nzima inatosha. Siku seli moja ya utumbo ikiharibikiwa na ile nzima, hakuna tena anayesahihisha. Kinyama cha kawaida ndani ya utumbo huchukua kama miaka 10 kugeuka saratani. Kwa mwenye Lynch inaweza kuwa miwili au mitatu.

Patholojia wakarudi kwenye kitofali cha nta chenye kipande cha uvimbe wa Fundi. Kitu chenyewe ni kidogo, kinaenea kwenye kisanduku cha kiberiti, lakini hukaa miaka. Walikata vipande vyembamba kuliko karatasi, wakavitia rangi inayotafuta protini za wale wasahihishaji wanne, moja moja. Nilikwenda kuchungulia mwenyewe. MLH1 na PMS2 zilikuwepo, viini vya seli vimeshika kahawia. Kwenye MSH2 na MSH6, seli za saratani zilikuwa bluu tupu, na katikati yake seli nzima za jirani zimekaa na kahawia yao kama kawaida. Protini hizi hutembea wawiliwawili; MSH2 ikikosekana, mwenzake MSH6 hana pa kushika, naye anapotea. Zikikosekana hizi mbili pamoja, mkono unaelekea kwenye jeni ya MSH2. Ingekuwa MLH1 tungekuwa waangalifu zaidi, kwa sababu hiyo mara nyingi huzimika yenyewe kwa wazee bila kurithiwa, na inabidi kupima zaidi kabla ya kumtisha mtu.

Vipo vigezo vya kimataifa vya kutambua familia hizi, vinaitwa vya Amsterdam, na mwaka 1999 vilipanuliwa kuingiza saratani ya mji wa mimba. Vinataka jamaa watatu, vizazi viwili, mmoja awe ameugua kabla ya miaka 50, na saratani zao zithibitishwe na patholojia. Ukivishika neno kwa neno, familia ya Fundi haikufaulu: watu watano kwenye kalenda, karatasi mbili. Wafu wetu hawana patholojia. Kwa maoni yangu anayesubiri vigezo vitimie huku kwetu atasubiri sana, na kupima uvimbe wenyewe, kwa mgonjwa yeyote kijana, ni njia fupi na ya haki zaidi.

Na si jambo jipya kwamba mgonjwa hujua kabla ya daktari. Mwaka 1895, mjini Ann Arbor, Marekani, mshona nguo mmoja alimwambia Dkt. Aldred Warthin kwamba anatarajia kufa mapema kwa saratani ya tumbo, ya utumbo au ya kizazi, kwa kuwa ndivyo watu wa kwao wanavyokufa. Ikawa hivyo, kwa saratani ya mji wa mimba. Warthin aliichora familia ile akaichapisha mwaka 1913. Henry Lynch, aliyezifuatilia familia za aina hii tangu miaka ya 1960, ndiye aliyeachiwa jina. Jeni ya MSH2 ilitambuliwa mwaka 1993, miaka 98 baada ya maneno ya mshona nguo.

Damu ya Fundi ilisafirishwa nje ya nchi, kwa msaada niliouhangaikia kuliko ninavyopenda kukumbuka. Wiki kumi na moja. Majibu: kosa kwenye MSH2, la kurithi.

Kitu cha kwanza majibu ya protini yalichokibadilisha kilishangaza familia, kwa sababu kilikuwa kutofanya kitu. Ndugu walikuwa wanasubiri dripu za kemotherapia. Wamesikia kansa, wanajua kansa ina dripu na nywele zinatoka. Lakini uvimbe wa aina hii, ukiwa hatua ya pili, una tabia nzuri kuliko mwonekano wake, na ile dawa ya kawaida ikitumika peke yake haimpi mgonjwa faida. Daktari akaamua asipewe. Dada mkubwa alikuja ofisini akaniuliza kwa upole kama ni suala la fedha, kwamba kama ni fedha waseme, watauza mbuzi. Nilihitaji muda mrefu kumshawishi kwamba hakuna anayembania mdogo wake.

Jambo la pili ni lile linaloniuma. Kama tungejua kabla ya upasuaji, madaktari wangekaa na Fundi kuzungumzia kuondoa sehemu kubwa zaidi ya utumbo mpana, maana uliobaki una hatari ya kuota saratani nyingine. Wengine hukubali, wengine hukataa, kwa sababu kwenda chooni mara nyingi kwa siku nako ni maisha. Ila angechagua yeye. Hakuchagua. Sekunde kumi zangu zilimchagulia, na sasa utumbo uliobaki unahitaji kamera kila mwaka au miwili, maisha yake yote.

Kikao cha familia kilifanyika Jumapili baada ya ibada, nyumbani kwa mama mdogo. Kuwakutanisha upande wa baba na upande wa mama kwa jambo lisilo msiba wala harusi ni kazi, na Fundi ndiye aliyeifanya. Nilifika nikasalimia "mbukwenyi," wakacheka matamshi yangu, tukala ugali wa uwele na mlenda kwanza. Mjomba mkubwa, kaka wa mama aliyebaki, ana miaka 68 na hajawahi kulazwa. Nikaibandika kalenda ukutani kwa upande wa nyuma.

Nilikuwa nimejiandaa kueleza jeni. Sikujiandaa kwa alichosema mjomba mkubwa. Aliitazama ile alama ya babu kwa muda, akasema kwamba baba yao alipokufa walimtuhumu jirani. Maneno yakawa makubwa, wakahama, wakaacha mashimo ya mahindi na zizi. Mwaka 1999 mdogo wake alipokufa kwa tumbo lilelile, wakasema yule jirani amewafuata huku. "Sasa wewe mwanangu unaniambia ilikuwa kwenye damu yetu wenyewe." Nikamwambia ndiyo, inavyoonekana. Akauliza yule jirani ataombwa radhi na nani, maana alishakufa na watoto wake hawasemeshani nao. Hilo sikuwa na jibu lake, na fomu yangu haina nafasi ya kuliandika. Mama mdogo akaleta chai.

Maswali yaliyofuata nimekuja kuyasikia kwa familia nyingine pia. Mdogo wake Fundi wa kiume, miaka 27, dereva wa bodaboda, alisema yeye amefanana na baba, sura na miguu, kwa hiyo yuko salama. Haiko hivyo, pua na MSH2 havitembei pamoja. Mwingine akasema kwa kuwa imetoka kwa mama basi itawapata wasichana. Nayo siyo: inapitia kwa mwanaume na kwa mwanamke sawasawa, na babu ndiye aliyeileta, kwa kadiri tunavyoweza kuona. Mwingine alisikia kwamba huruka kizazi. Jeni hii hairuki. Mtu anaweza kuwa nayo asiugue, lakini asiyeirithi hawezi kumpa mwanawe. Nilitoa shilingi mia mfukoni nikairusha mara kadhaa mbele yao. Kila mtoto ni mrusho mmoja, nusu kwa nusu, na shilingi haikumbuki ilivyoanguka kwa mtoto aliyetangulia. Kwa ndugu watatu wa Fundi, uwezekano wa wote kusalimika ni mmoja kati ya nane. Mjomba mkubwa, kwa miaka 68 bila ugonjwa, yaelekea ulimwangukia upande mzuri, ingawa umri si kipimo.

Nikawapa na hesabu zenyewe. Mwenye kosa la MSH2 ana uwezekano unaokaribia nusu wa kupata saratani ya utumbo mpana maishani asipofuatiliwa, na mwanamke ana pia uwezekano unaokaribia nusu wa saratani ya mji wa mimba. Kwa PMS2 ingekuwa chini sana. Ndiyo maana haitoshi kuambiwa "una Lynch," lazima ujue ni jeni gani.

Ubaya wa jeni ukishajulikana mahali ulipo, ndugu hawahitaji tena kusomwa kitabu kizima. Unafungua ukurasa uleule, mstari uleule, unaona kama kosa lipo au halipo. Na hapo tu ndipo jibu la "hapana" linapokuwa na maana. Mtu akipimwa bila kosa la familia yake kujulikana, akaambiwa hakuna kilichoonekana, hajaambiwa kitu. Huenda walitazama pengine.

Dada mdogo, miaka 31, alikutwa hana. Alilia kuliko aliyekutwa nayo. Akaniambia anaona aibu kuwatazama wenzake, kana kwamba ameiba.

Dada mkubwa, miaka 43, anayo. Kolonoskopia yake ilinifundisha kwamba miongozo tunayopewa iliandikwa kwenye nyumba yenye maji ya bomba na choo ndani. Kusafisha utumbo ni kunywa lita kadhaa za dawa na kukimbilia chooni usiku kucha. Kijijini kwao choo ni cha shimo, ng'ambo ya uwanja, na mwezi ule maji yalikuwa ya kununua kwa dumu. Tukamtafutia ndugu Nkuhungu akalala huko siku mbili. Vyakula nikamwandikia kwa mkono: siku moja kabla, chai ya rangi, supu iliyochujwa, maji. Mlenda hapana, mbegu hapana. Na juisi ya zabibu nyekundu hapana kabisa, kwa sababu rangi yake ndani ya utumbo inafanana na damu na inampotosha mwenye kamera. Mkulima wa zabibu kukatazwa zabibu! Alicheka mpaka akashika mbavu. Walimkuta na kinyama cha milimita 12, upande wa kulia, karibu na pale alipougulia mdogo wake. Kikakatwa papo hapo. Patholojia ikasema bado hakijageuka.

Kwa wenye MSH2 kamera huanza wakiwa na miaka 20 hadi 25, au mapema zaidi kama kwenye familia kuna aliyeugua akiwa mdogo. Watoto wawili wa Fundi wako shule ya msingi; hawapimwi sasa, watachagua wenyewe wakishakuwa watu wazima. Dada mkubwa ameshazaa watoto wote aliowataka, na ameanza mazungumzo na daktari wa wanawake kuhusu kuondoa kizazi na mifuko ya mayai. Hajaamua. Fundi aliuliza kuhusu asprini, amesikia redioni kwamba inapunguza saratani. Ni kweli: utafiti wa CAPP2 uliofuatilia watu 861 wenye Lynch ulionyesha, katika majibu ya mwaka 2020, kwamba waliopewa miligramu 600 kila siku kwa miaka kama miwili walipata saratani ya utumbo pungufu kwa karibu theluthi moja, na faida ilionekana miaka baadaye. Kwa mtu aliyekuwa na damu 6.4 juzijuzi, hiyo si dawa ya kujinunulia dukani. Daktari anaipima.

Watoto wa yule mjomba wa 1999 wapo Kibaigwa. Wanne. Mmoja amepokea simu.

Na dereva wa bodaboda alikataa kupimwa. Alisema ana posa njiani, na kwamba akijua itabidi awaambie upande wa msichana, na asipojua hatakuwa amewaficha. Sikumbishia, nilimpa namba yangu. Miezi mitano ikapita. Wiki iliyopita simu ikaita saa mbili usiku, kelele za pikipiki nyuma yake. Hakusalimia vizuri. Akaniuliza ile karatasi niliyomwandikia dada, ile ya vyakula, kama zabibu nyeupe nazo zimo kwenye makatazo. Nikamwambia juisi ya nyeupe inaruhusiwa, mradi imechujwa. Akasema "haya sista," akakata. Tarehe hakutaja.